Shule Unayoomba

4 Machi

Mwalimu wangu,

Jana simu ilikatika pale pale ulipoanza kusema jambo la maana, kama kawaida yake. Nilibaki nasema "halo, halo" mpaka Mama akatoka jikoni kuniuliza kama nimepandwa na wazimu. Basi tuendelee na barua pepe. Najua utaisoma Ijumaa kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, ukisukumana na mwalimu wa michezo, lakini afadhali hivyo kuliko kupiga kelele hewani.

Nina habari. Ule mfumo wa uhamisho wa walimu niliokuwa nakuambia, kampuni yetu imepewa kuujenga, na ndani ya kampuni kapewa mkeo. Kuanzia mwezi ujao hakuna mwalimu atakayepeleka bahasha ofisi ya elimu akaambiwa njoo kesho. Kila mmoja atajaza fomu kwenye kompyuta, na fomu hiyo naijenga mimi, kwa mikono hii hii uliyosema haijui kukunja shuka.

Usiniulize naijengaje, kwa sababu nitakuambia. Tunaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kuna maktaba ya vipande vilivyotengenezwa tayari: kalenda, majedwali, vitufe, vidirisha vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe. Zamani kila kitu tulikichonga wenyewe na kilitoka kimepinda. Siku hizi niko kama fundi anayenunua milango iliyokamilika, kazi yangu ni kupiga misumari tu. Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kisanduku cha kutafutia. Unaandika herufi chache za jina la shule, chini yake inashuka orodha ya shule zinazofanana, unagusa yako, umemaliza. Meneja alipokiona alipiga makofi, na Meneja hapigi makofi hata harusini.

Mwalimu, dirisha la uhamisho hili likifungwa, lingine ni baada ya miaka miwili. Binti yako alizaliwa ukiwa huko, akatambaa ukiwa huko, na sasa anatoa amri nyumba nzima mpaka tumeacha kumwita jina lake, tunamwita Bosi. Shule ya mtaa wa pili ina nafasi ya mwalimu wa hesabu. Jaza fomu. Asiyekuwepo na lake halipo, nami nataka uwepo.

Fundi wako


18 Aprili

Fundi wangu,

Nimeijaza fomu yako. Nilikaa mbele ya kompyuta kama bwana harusi, na walimu wenzangu wamejipanga nyuma yangu wakitaka kuona kazi ya shemeji yao. Ikafunguka na jina langu limo, na shule yangu imo, mwalimu wa michezo akauliza kama mke wangu ananipeleleza. Nikaandika shule ya mtaa wa pili, nikabonyeza Tuma, ikaniambia "Ombi lako limepokelewa, asante." Ofisi ya elimu haijawahi kuniambia asante tangu niajiriwe.

Huku ni kazi mtindo mmoja. Mkuu amenikabidhi darasa la mtihani lote, hesabu na fizikia, na tangu nianze kuwafundisha Jumamosi hakuna anayekosa. Wiki iliyopita mzazi mmoja alikuja na mbao za kutengeneza madawati, akasema anataka yakae kwenye darasa la Mwalimu. Hakutaja Mwalimu gani. Hapa nikitajwa hivyo tu, wanajua ni mimi.

Msalimie Mama sana. Mwambie safari hii nitauliza viatu viwekwe wapi kabla hajaniambia. Bosi mwambie Baba amesikia amri.

Mwalimu


23 Mei

Fundi wangu,

Jibu limekuja leo. "Ombi lako limeshughulikiwa. Utaendelea na kazi katika shule yako ya sasa." Hivyo tu, hata sababu hawakutoa.

Nimevunjika moyo, sijui nikuambie nini. Pengine nafasi ile ilichukuliwa na mtu mwenye mjomba ofisini. Tuvute subira. Miaka miwili si mingi kwa watu waliokwisha vumilia minne.

Mwalimu


28 Mei

Mwalimu,

Nimepata barua yako. Pole.

Mama mzima. Bosi mzima, alikuwa na kikohozi kimepona. Kazini ni kazi tu.

Mama Bosi


6 Juni

Mke wangu,

Mbona hivyo? Umeniandikia kama mtu anayejibu barua ya benki. Na tangu lini ukawa Mama Bosi kwangu? Nimeisoma mara mbili nikidhani kuna ukurasa wa pili.

Kama ni Mama anaumwa, niambie. Kama ni kazini umekorofishana na Meneja, niambie. Kama ni kwa sababu nimekosa uhamisho, hapo kosa langu ni lipi? Mimi naomba, wao ndio wanaotoa. Nilikupigia toka juu ya kilima, simu ikaita mpaka ikachoka.

Mwalimu wako


10 Juni

Mwalimu,

Simu niliisikia. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Sikutaka kuyasema haya kwa maandishi, lakini mficha uchi hazai. Siku moja kabla ya wewe kuniandikia kwamba umevunjika moyo, ofisi ya elimu walilalamika kwamba jedwali la majibu linafunguka polepole. Nikalifungua niangalie tatizo. Sikuwa na ruhusa ya kusoma majina, nilitakiwa kuangalia mwendo wake tu. Nikasoma. Utanilaumu? Nilikutafuta wewe.

Mstari wako una sehemu mbili. Ya kwanza imeandikwa "Shule ya sasa", na ndani yake kuna shule yako. Ya pili imeandikwa "Shule unayoomba", na ndani yake kuna shule yako. Ile ile. Umeomba kubaki, Mwalimu. Wamekupa ulichoomba, na ndiyo maana hawakutoa sababu.

Nilisubiri useme mwenyewe. Badala yake ukaniletea habari za mtu na mjomba wake. Miaka minne nalala na mtoto mgongoni, naamka, naenda kazini, narudi, Mama ananiuliza mumeo anakuja lini, nami nakutetea kama wakili. Kama kuna mtu huko, sema. Kama hakuna mtu, basi ni nini? Usiponijibu nitajua umejibu.

Mimi


14 Juni

Mke wangu,

Hakuna mtu. Naapa kwa kichwa cha binti yangu.

Niliandika shule ya mtaa wa pili kwa vidole vyangu, herufi moja moja, jina lote mpaka mwisho, na wenzangu wanne walikuwa wanatazama. Waulize. Hiyo orodha uliyosema itashuka, kwangu haikushuka. Kompyuta hii ina pumzi ya mzee, na mtandao nao unakuja unavyotaka. Nilimaliza kuandika, jina likawa limekaa kwenye kisanduku, zima, sahihi, nikabonyeza Tuma. Sasa ndani ya mashine yenu limegeukaje, hilo ulizaneni huko huko mlikoijenga.

Umekaa na jambo hili rohoni karibu wiki tatu, ukanihukumu, ukanifungia na simu. Mimi nilidhani nimeoa injinia, kumbe nimeoa hakimu.

Mwalimu


21 Juni

Mume wangu, Mwalimu wangu, Baba Bosi,

Nikupigie magoti kwa barua? Nimepiga.

Barua yako ilifika nikiwa bado nimenuna. Nikasema moyoni, mwanamume akibanwa husingizia mashine. Kesho yake, simu ya ofisini ikaita, nikapokea mimi kwa sababu dada wa mapokezi alikuwa ametoka. Alikuwa mwalimu, mama mtu mzima, aliomba asogezwe karibu na hospitali anakotibiwa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi akili zangu timamu. Nitaombaje kubaki mahali ninapotaka kuondoka?"

Nikafungua fomu yangu nikafanya ulivyosema. Nikaandika jina lote mwenyewe, sikugusa orodha, nikatuma. Kisha nikaenda kutazama seva, ile kompyuta inayotunza maombi, imepokea nini. Ilikuwa imepokea shule ya sasa, si ile niliyoiandika.

Mwalimu, kisanduku kile ni viwili. Kimoja ndicho unachokiona na kukiandikia. Kingine kimefichwa nyuma yake, na seva inasoma hicho cha nyuma. Hicho hakibadiliki mpaka uguse jina kwenye orodha. Na mimi, kwa wema wangu, nilikuwa nimekijazia kila mwalimu shule yake ya sasa ili fomu isifunguke tupu. Kwa hiyo aliyeandika jina akasubiri orodha, akagusa, alihamia alikotaka. Mwenye mtandao wa kobe, aliyeandika jina akaona limekaa vizuri, lilitumwa ombi lake la kubaki alipo. Na walio na mtandao wa kobe ndio hao hao wanaotaka kuondoka. Kuna mpangilio mmoja wa kukifanya kisanduku kikatae jina ambalo halikuchaguliwa. Umeandikwa kwenye maelezo ya maktaba, mstari mmoja tu. Sikuuweka. Nilikuwa nashangilia makofi.

Nikaenda kwa Meneja. Akasema walimu hawakufuata maelekezo. Nikamwambia hatukuandika maelekezo. Akasema basi walikosa umakini. Nikamwekea kompyuta mbele nikamwomba ajaze yeye, ajihamishe shule yoyote. Akaandika kwa vidole viwili, chapuchapu, hata hakutazama orodha. Nikamwonyesha kilichoingia. Akafunga mlango, akaniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamjibu ofisi ya elimu, kwa sababu nilikuwa nimeshawaandikia kabla sijaingia kwake. Kibarua changu kimeponea tundu la sindano, lakini kimepona.

Ofisi imekubali. Wote walioonekana kuomba shule ile ile waliyopo watafunguliwa fomu upya wiki ijayo, na nafasi zao hazijagawiwa bado. Shule ya mtaa wa pili ingali inakusubiri. Nimerekebisha kisanduku. Na nimeongeza kitu: ukishachagua, kinafunguka kidirisha chenye maandishi makubwa, "Unaomba kuhamia shule fulani. Una uhakika?" na hakiendi mbele mpaka ujibu. Sitaki tena mtu apelekwe asikotaka na mkono wangu.

Nilikuwazia mabaya, na wewe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe. Nimeshamwambia Bosi. Ameamuru tufagie chumba.

Fundi wako, mwenye aibu yake


27 Juni

Fundi wangu,

Nimekusamehe, na wewe unisamehe kwa lile neno la hakimu. Umefanya kazi kubwa. Wengi huku watakuombea dua.

Fomu nitaijaza ikifunguliwa. Mkuu amepata habari, anatembea na uso wa msiba, sijui ameambiwa na nani. Darasa la mtihani nao wamesikia. Jana nimeingia kufundisha nikakuta kimya, na kimya si desturi yao.

Bosi asifagie sana, vumbi litamrudishia kikohozi.

Mwalimu


5 Julai

Mwalimu,

Sasa nina ruhusa ya kuona mistari yote, ofisi wenyewe wamenipa, nihakikishe safari hii hakuna kosa. Jana uliijaza. Nimeuona mstari wako.

Shule ya sasa, shule yako. Shule unayoomba, shule yako.

Nimekijaribu kisanduku tangu nifike kazini. Nimekijaribu kwenye simu, kwenye kompyuta ya mapokezi iliyozeeka kuliko hiyo yenu, nimeupunguza mtandao makusudi mpaka ukawa unakwenda kwa kunyata. Nimeandika bila kuchagua, kimekataa. Nimechagua nikabadili mawazo, kimenifuata. Nimezima katikati na kuwasha. Kila mara kinaingiza kile nilichochagua. Mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta hitilafu. Akasema, "Si imekwisha?" Nikamwambia naomba Mungu isiwe imekwisha.

Sikiliza. Ofisi wamesema yeyote atakayeripoti kwamba kisanduku kimemkosesha tena, nimsahihishie mimi mwenyewe, papo hapo, bila maswali. Sihitaji ushahidi. Niandikie neno moja, kwamba kimekosea. Orodha haikushuka, kidole kiliteleza, umeme ulikatika, mwalimu wa michezo alikusukuma. Lolote. Nitaliamini, Mwalimu, na mstari wako nitaubadilisha kabla sijafika mwisho wa barua yako.

Fanya haraka. Wanafunga Ijumaa ijayo.

Fundi wako


8 Julai

Mke wangu,

Kisanduku chako hakina kosa. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara kadhaa, na sasa naiacha.

Mara ya kwanza nilikuambia kweli. Niliandika shule ya mtaa wa pili na nilitaka kuja, au niliamini nataka, kwa sababu mume anatakiwa kutaka. Uongo wangu ulianza siku ya jibu. Nililisoma nikakaa nikisubiri kuumia. Sikuumia. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, nikaenda darasani nikafundisha vizuri kuliko siku zote. Jioni nikakuandikia kwamba nimevunjika moyo. Uliponishuku, nilikasirika kwa sauti kubwa kwa sababu safari ile nilikuwa na haki, na mtu mwenye haki kidogo huipigia kelele sana.

Kisha ukaipata hitilafu, ukapigana na Meneja wako, ukanifungulia mlango. Kila barua yako ya furaha ilinizidishia woga.

Alhamisi nilikaa mbele ya fomu. Orodha ilishuka vizuri. Nilichagua shule ya mtaa wa pili. Kidirisha chako kikafunguka, kikaniuliza, "Una uhakika?" Mke wangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mama hakuniuliza, wewe hukuniuliza, mimi mwenyewe sikujiuliza. Wote tulikuwa tunaulizana lini. Nilikaa na swali lile mpaka skrini ikazima yenyewe. Nikaiwasha, bado lilikuwepo linanisubiri. Nikajibu hapana. Likanirudisha nyuma, nikachagua huku.

Huko kwenu mimi ni mume wa Fundi. Nakuja likizo na begi langu, naonyeshwa pa kuweka viatu, Bosi ananiita mgeni halafu mnamcheka, nami nacheka. Hakuna aliyenitendea ubaya. Lakini najikuta nahesabu siku za kuondoka, na nikishuka kwenye gari huku, watu wakaniita Mwalimu kutoka barabarani, ndipo napumua. Nawapenda. Nimejaribu kutaka kuja, kwa nguvu zangu zote, na sikuweza. Najua kwamba hayo mawili hayakai chungu kimoja. Sijui nifanye nini nayo. Nilidhani mwanamume wa hesabu angejua.

Ungeniacha na hitilafu ile, ningeisingizia miaka yote miwili, na wewe ungeniamini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Mwalimu


12 Julai, Ijumaa

Mwalimu,

Dirisha limefungwa saa kumi. Yule mama wa hospitali amepata, amenipigia akilia, nikalia naye, akadhani ni kwa ajili yake.

Wewe nilikusubiria mpaka dakika ya mwisho. Barua yako nilikuwa nimeshaisoma, na bado nilikaa na mstari wako wazi mbele yangu. Ruhusa ninayo, neno la siri ninalo, shule ya mtaa wa pili niliichagua, na kidirisha changu mwenyewe kikaniuliza kama nina uhakika. Ningeweza. Ungepokea barua ya serikali na ungekuja, kwa sababu wewe hukatai amri, na ungeweka viatu pale Mama anapotaka, na ningekuwa nimelihamisha jina lako tu. Nikafunga.

Nimekasirika, ujue. Sijakusamehe, wala sijui kama kuna la kusamehe, na hilo ndilo linalonimaliza. Ungekuwa na mwanamke huko ningejua pa kuanzia. Natafuta hitilafu kwa kazi. Ikionekana naitengeneza, isipoonekana naitafuta mpaka ionekane. Hapa nimetafuta kwako, kwangu, kwa Mama, na kila mtu anafanya kazi vizuri.

Bosi hajaambiwa. Kila asubuhi anaingia kile chumba kukagua kama kimefagiliwa, halafu ananiuliza ni leo. Mwandikie wewe. Andika kwa maneno mafupi, nitamsomea.

Fundi